Mashine Isiyozimwa: Bara la Mombasa na Hesabu ya Wati

Jenereta iliyozaa kampuni ya kwanza ya stima Mombasa ilikuwa ya mtumba. Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, aliipata mwaka 1875 ili aangazie kasri lake na njia za jirani. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua, na hapo ikaundwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Kazi ya kampuni ile ilikuwa kuwapa stima watu wa kisiwani. Likoni, Kisauni na Changamwe, sehemu za bara, hazikuwemo. Naanza na jenereta hiyo kwa kuwa mambo mawili yaliyoonekana mwaka ule ndiyo yanayoongoza ufundi wangu hadi leo: mashine iliyomchosha mwenyewe huanza maisha mapya kwetu, na sisi wa bara stima hutufikia nyuma ya wengine, tena kwa kubana.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina duka dogo Mlaleo, Kisauni. Kabla ya hapo niliendesha cyber Magongo, huko Changamwe, na kwetu ni Likoni, upande wa Mtongwe. Siku hizi wanaonijia huuliza sana habari ya seva ya nyumbani, yaani mashine ya kuwaka usiku na mchana ihifadhi picha za harusi, darasa za msikitini, filamu za watoto na kamera ya mlangoni, ili kila mwenye simu ndani ya nyumba afikie vitu hivyo bila kununua bando. Wengi huanza kwa kuuliza kasi yake. Mimi huwauliza kwanza kama mita ya stima ni yao peke yao au ni ya nyumba nzima.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma, ndiyo iliyowapokea wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa viwanda waliohamia bara. Wapangaji sita, mita moja. Mwenye nyumba alipanga bei kwa kukadiria: chumba chenye taa tupu kiasi hiki, chenye redio kiasi hiki, chenye friji kiasi hiki. Pasi na koili ya kuchemshia maji zilikuwa marufuku, na jioni mwenyewe angeweza kupita ukumbini akisikiliza mlango kwa mlango kinachonguruma. Katika nyumba kama hiyo kitu kinachowaka usiku kucha hakina siri. Kikila stima nyingi, anayelipa ni jirani pia, na maneno hayachelewi. Nimeona watu wakihama kwa sababu ya friji. Basi desturi ya kuuliza "hiki chala ngapi?" kabla ya "hiki chafanya nini?" ni ya zamani huku kwetu, nami naiona kuwa desturi ya akili sana. Vitabu vya kompyuta vinavyotoka Ulaya na Marekani vimekuja kuuliza swali hilo majuzi tu.

Kabla ya nyaya kuenea, bara iliishi kwa betri. Redio ya transista ilikuwa kitu cha kwanza cha elektroniki kukaa kimewashwa kutwa katika nyumba zetu, na ilikubalika kwa sababu haikutaka mengi: mawe manne au sita ya Eveready, yale yaliyotengenezwa Nakuru mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Mawe yakichoka yaliwekwa juani juu ya paa la makuti au bati, yakapata nguvu kidogo ya kusikiliza habari za saa moja. Baadaye ikaja televisheni ndogo nyeusi na nyeupe ya volti 12, iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Kila mtaa ulikuwa na fundi wa kuchaji, na betri zilipelekwa kwake kwa baiskeli au mkokoteni, zikaachwa siku nzima kisha zikarudishwa nyumbani kwa mpira wa Jumamosi. Mtu aliyepitia hayo anajua kwa mikono yake maana ya chombo kula kidogo. Betri iliyoisha dakika ya sabini haisahauliki.

Moshi wa kuzalisha stima, kwa upande mwingine, ulikuwa wetu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 na kikasimama 2013. Kando ya mkono wa bahari wa Port Reitz, Kipevu, yakajengwa majenereta makubwa ya mafuta: Kipevu I ikaanza 1999, ya pili ikafuata 2001, na Kipevu III ikaja 2011. Sababu ilikuwa mvua. Kenya ilitegemea mno mabwawa ya mto Tana, na ukame uliofikia kilele mwaka 2000 ulileta mgao wa stima nchi nzima, kwa zamu, mtaa baada ya mtaa. Mafuta yalituokoa na giza, lakini gharama yake ikaingia katika bili ya kila mteja kwa jina la gharama ya mafuta, na ipo hadi leo. Ndiyo sababu anayekaa Chaani, akiyaona mabomba ya Kipevu kutoka mlangoni pake, hapati uniti rahisi kumshinda wa Eldoret.

Cyber zilikuja bara katika miaka hiyo hiyo ya mgao. Intaneti kamili ilikuwa imefika Kenya mwaka 1995. Mwaka 1998 shirika la simu likafungua Jambonet, njia kuu ya kitaifa, na kila kitu kilipanda satelaiti na kushuka. Wateja wetu wa Magongo walikuwa vijana wa kuandikia rafiki Ulaya, mabaharia waliotafuta kazi, wanafunzi wa kuchapisha barua za maombi. Mwaka 2005 mamlaka ya kodi ilipoleta mfumo wa Simba wa kusajili mizigo ya forodha kwa kompyuta, mawakala wa bandarini wakajaa. Hati iliyokwama ilikuwa kontena lililokwama, na kontena lililokwama hutozwa kwa siku.

Mashine iliyobeba kazi ile yote ilikaa kaunta. Ilihesabu dakika za wateja, iligawa intaneti, ilichapisha, na usiku iliachwa ikiwaka ili ivute masasisho na dawa za virusi wakati njia ilipokuwa tupu. Sote tuliiita seva, ingawa ilikuwa kompyuta ya mezani ya kawaida, Pentium 4 ya mtumba. Prosesa za Pentium 4 za mwaka 2004 ziliweza kutoa joto la wati mia na zaidi peke yake. Ukiweka mkono nyuma ya kasha ulipigwa na upepo wa moto hata kama hakuna aliyeigusa tangu asubuhi, kwa sababu mashine za wakati ule hazikujua kupumzika: zikikaa bure zilikula wati sabini, themanini, tisini. Chini ya meza palikuwa na UPS yenye betri moja ya volti 12 na ampea saba kwa saa. Zidisha uone, ni wati 84 kwa saa moja, na hizo ni za kwenye karatasi. Betri ile chini ya mzigo ule ilikupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima, basi.

Hapo ndipo hesabu ya wati ilipoacha kuwa ya mwenye nyumba ikawa ya fundi. Tulianza kutoa ndani ya kasha kila kisichohitajika: kadi ya picha, kisomea CD, feni ya pili. Tuliondoa kioo kikubwa cha zamani, ambacho kilikula karibu sawa na mashine yenyewe, tukawa tunakichomeka panapokuwa na haja. Watu wa nje wangesema tunaipunguza mashine. Kwetu tulikuwa tunaiongezea saa.

Tarehe 12 Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua TEAMS, kebo ya chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa. SEACOM ikaanza kazi mwezi uliofuata, EASSy ikaja 2010. Bahari ile ile ilikuwa imeshapitishwa waya wa simu za maandishi kati ya Unguja na Mombasa mwaka 1890, kwa hiyo jambo lenyewe si geni katika pwani hii. Kilichokuwa kigeni ni wingi. Cyber nyingi zilifungwa ndani ya miaka michache, maana kila mtu alipata intaneti mfukoni. Yaliyoziba pengo ni maduka ya filamu, yale ya kujaziwa flashi kwa shilingi chache, ambayo mashine zake nazo zilikaa wazi kutoka asubuhi mpaka usiku wa manane. Kisauni nzima ilijifunza huko kwamba kitu kilicho ndani ya diski ya jirani hufika haraka kuliko kilicho Ulaya.

Mwishoni mwa Februari 2012 likatokea jambo lililonifunza mimi binafsi. Meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilitupa nanga nje ya Mombasa, nanga ikaikata TEAMS. Intaneti ya Afrika Mashariki ikawa nzito. Pale Magongo kurasa za nje zilikuwa zikizunguka bila kufunguka, lakini karatasi za mitihani ya zamani tulizokuwa tumezihifadhi katika mashine ya kaunta zilifunguka papo hapo kama kawaida, na wanafunzi wakaendelea kuchapisha. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kushikilia kwamba kila mtaa unafaa uwe na vitu vyake karibu. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika pamoja huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, nilizidi kushikilia.

Siku chache baada ya nanga ile, tarehe 29 Februari 2012, Waingereza wa Cambridge waliuza Raspberry Pi ya kwanza: kompyuta kamili kwenye kipande cha ukubwa wa kadi ya benki, bei dola 35, ikila wati tatu na nusu au pungufu. Kiini chake ni prosesa ya jamii ya ARM, na asili ya ARM inastahili kusimuliwa. Sophie Wilson na Steve Furber waliibuni katika kampuni ya Acorn, mji huo huo wa Cambridge, wakiwa watu wachache wenye fedha chache. Walitaka ikae katika ganda la plastiki la bei nafuu, na plastiki haivumilii joto, kwa hiyo ilibidi ile chini ya wati moja. Chipu ya kwanza ilipofika Aprili 1985 na kuwekwa kwenye ubao wa majaribio, ilifanya kazi sawasawa. Furber alipopima umeme inaoutumia, kipimo kikasoma sifuri. Kumbe waya wa kuilisha umeme haukuwa umeunganishwa; chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliovuja kupitia njia za mawasiliano. Ufukara wa wale wawili ndio uliozaa prosesa iliyomo katika karibu kila simu ya mkononi hapa Mombasa leo. Kila nikilikumbuka hilo nafurahi, kwa kuwa ndiyo hali yetu: kubanwa kulikozaa kitu bora.

Nairobi nako waliifanya hesabu hiyo kwa njia yao. Mwaka 2013 watu waliotoka shirika la Ushahidi walitangaza BRCK, modemu ngumu yenye betri ya kukaa saa nane, iliyobuniwa kwa ajili ya mahali ambapo stima hukatika. Miaka miwili baadaye wakaleta sanduku la shule, Kio Kit, lenye tableti 40 na seva yake ndani, masomo yakiwa yamehifadhiwa humo humo. Nilipoliona wazo lile nilisema hawa wamesoma Kenya vizuri.

Pi ilikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kadi ya memori. Mfumo wote ulikaa kwenye kadi ndogo ya simu, na kadi ile haipendi kukatiwa stima katikati ya kuandika. Na stima hapa hukatika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha stima cha Gitaru na nchi nzima ikazimika; mwaka 2023 nchi iliingia gizani Agosti, Novemba na Desemba. Achilia mbali zile za mtaa, za mvua na za mti ulioangukia waya, ambazo hazitajwi redioni. Mafundi wa bara tuliokuwa tukifunga Pi tulizoea kuihamishia kwenye diski ya SSD na kuiwekea betri ndogo ya volti 5. Halafu mwaka 2021 na 2022 Pi ikaadimika duniani kote na bei ikapanda. Hapo jicho letu likarudi kwenye mtumba.

Kabla sijaingia huko, nieleze mita, kwa sababu bila mita maneno yote ya vifaa ni hewa.

Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya mteja asiyepita uniti 30 kwa mwezi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa uniti 100. Badiliko hilo moja liligeuza hesabu ya seva kuliko chipu yoyote mpya. Wati moja iliyowashwa mwezi mzima bila kuzimwa ni uniti 0.72. Mashine ya wati 40 peke yake itakula uniti 28.8, yaani fungu lote la nyumba ya mtu wa kawaida, kabla hata ya taa ya choo. Ile Pentium 4 ya kaunta, kwa wati 90, ingekula karibu 65. Ya wati 10 yala saba na kidogo. Tuseme uniti, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 25: ya kwanza ni shilingi 720 kwa mwezi, ya pili zaidi ya 1,600, ya tatu 180. Nyumba iliyokuwa uniti 28 ikipata seva ya wati 40 haiongezewi gharama ya hizo wati 40 tu. Inahamishwa daraja, na uniti zake zote zinapanda bei.

Kwa hiyo namba ya kutafuta ni moja: mashine yala wati ngapi ikiwa imekaa bure. Seva ya nyumbani hukaa bure sehemu kubwa ya siku. Hakuna anayeangalia picha za harusi saa tisa usiku. Namba iliyoandikwa kwenye adapta, wati 65 au 90, ni ya juu kabisa ambayo adapta yaweza kutoa, haikwambii chochote kuhusu saa tisa usiku. Namba ya prosesa nayo hupotosha. Wapo wanaozunguka maduka ya kisiwani wakitafuta Intel yenye herufi T mwishoni, ya wati 35, wakikataa ile ya wati 65. Herufi ile huweka kikomo cha juu. Zikiwa zimetulia, hizo mbili hulingana karibu sawasawa.

Kompyuta ninazozipenda ni zile ndogo za ofisini, unene wa kitabu, HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny. Kampuni za Ulaya huzibadilisha kila baada ya miaka michache, zinashuka Kilindini katika makontena, zinapita Makupa, na nyingine hurudi bara kwa njia ya madukani. Ndani yake mna vipuri vilivyobuniwa kwa laptopu, na laptopu ndizo zilizowalazimisha watengenezaji kujifunza kulaza prosesa kila inapokosa kazi. Yenye SSD moja na Linux iliyopangwa vizuri hukaa kati ya wati sita na kumi. Adapta yake ni ya nje, ya laptopu, na hilo lina maana kubwa: kasha kubwa la zamani lina kigeuza umeme cha wati 300 ambacho kikibebeshwa mzigo wa wati 20 hupoteza sehemu yake nzuri kwa joto. Masanduku mapya yenye Intel N100, iliyotoka mwaka 2023 na kuandikwa wati sita, ni mazuri pia, na kwa mwenye fedha ya kitu kipya sitamkataza. Pi bado ina nafasi yake penye sola peke yake. Lakini Pi mpya ukiongeza adapta, kasha na diski, bei yake hulingana na ya mashine ndogo ya mtumba yenye nguvu zaidi, na wati nne za tofauti baina yao ni chini ya shilingi 900 kwa mwaka mzima. Laptopu iliyovunjika kioo nayo si ya kutupwa. Ina betri yake tayari. Iwekee kikomo cha kuchaji, asilimia 60 au 80 kama inaruhusu, na uikague betri isivimbe, maana joto letu halina huruma.

Diski ndizo zinazowaponza wengi. Mtu hununua mashine ya wati nane kisha akaifungia diski mbili kubwa za kuzunguka, kila moja wati tano au zaidi, na sasa diski zinakula kuliko kompyuta. Kwa nyumba ya kawaida SSD moja inatosha. Diski kubwa ya kuzunguka itumike kwa nakala, ichomekwe siku ya kunakili, ichomolewe.

Na chumvi. Likoni, kuanzia Shelly Beach kuingia ndani, nimefungua mashine ambazo mapezi yake ya kupoozea yamekuwa ya kijani na skurubu zimeshikana na kutu. Feni ndiyo inayoingiza hewa hiyo. Mashine inayokula kidogo hutoa joto kidogo, feni yake huzunguka polepole au haipo kabisa, kwa hiyo wati chache huku kwetu huokoa tokeni za stima na huokoa mashine yenyewe. Iweke juu ya kabati, mbali na dirisha la upande wa bahari. Kisauni usiiweke chini kamwe; mvua za Mei hujua kuingia ndani bila kubisha hodi.

Mwaka jana nilifunga moja Mtongwe, kwa mzee aliyestaafu bandarini. Alikuwa na kabati la kaseti: Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Zein l'Abdin, nyingi alizinunua kisiwani enzi za maduka ya kaseti, na zaidi ya hizo, kaseti zisizouzwa popote, za harusi za jamaa zake tangu miaka ya sabini, ambamo wanasikika watu waliokwisha kufariki wakiimba na wakicheka. Tulizihamisha moja moja kwenye kompyuta. Ilipofika zamu ya seva, akaiangalia ile HP ndogo kwa shaka.

"Fundi, hii yala tokeni?"

"Yala, ami, lakini ni kidogo."

"Kidogo chako si kidogo changu. Nioneshe."

Tukazima kila kitu ndani ya nyumba, mpaka friji, tukaenda kusimama mbele ya mita. Mita za tokeni zina taa nyekundu inayomweka, na usoni pake pameandikwa inamweka mara ngapi kwa kila uniti. Yake ilikuwa mara 1,000, kwa hiyo kila mmweko ni wati moja kwa saa. Kwanza akawasha televisheni yake ya zamani peke yake: taa ikamweka karibu kila dakika, wati sitini hivi. Akaizima, nikawasha seva. Ikamweka mara moja, tukaanza kungoja. Mkewe akatoka na chai. Mzee akatazama saa yake ya mkononi, akanyamaza, akatazama tena. Zilipita dakika saba na nusu ndipo taa ikamweka mara ya pili. Hizo ni wati nane.

"Hii ni kama haiko," akasema, na akanipa ruhusa ya kuiacha.

Njia hiyo haihitaji kifaa chochote na yeyote anaweza kuifanya. Tahadhari ni kwamba mzigo ulio mdogo sana, wati mbili tatu, mita nyingine hazianzi kuuhesabu. Hapo tumia kipimo cha kuchomeka ukutani.

Seva ya mzee niliiunganisha na betri moja kwa moja, pasipo kupitia UPS ya ofisi. UPS ile hugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, kisha adapta inaugeuza tena kuwa wa betri, na kila mgeuzo hukata sehemu yake. Betri ile ile ya ampea saba iliyokuwa ikitupa dakika chache Magongo, ukiitumia nusu yake tu ili isiharibike, huipa mashine ya wati nane karibu saa tano, mradi kati yao pawe na kipandisha volti kizuri, kwa kuwa mashine hizi hutaka volti 19 hivi, nayo betri ni ya 12 na ikichajiwa hupanda hadi 14 na zaidi.

Kwa anayetaka kuanza leo hapa bara, shauri langu ni hili. Nunua mashine ndogo ya ofisini ya mtumba, yenye SSD, na kabla hujalipa mwambie muuzaji aiwashe kwenye kipimo cha wati, ngoja itulie dakika kumi, usome. Ikipita kumi na tano, iache. Fedha iliyobaki nunua diski ya pili, unakili kila kitu, na uipeleke kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine, bora ng'ambo ya maji. Na kama ndani ya nyumba yenu kuna kaseti za wazee, anza na hizo mwezi huu, kwa sababu utepe unaharibika kwa unyevu wa pwani na vinasa vya kuzichezesha vinazidi kuadimika madukani.